Bosi ni mtu poa, ubaguzi uko palepale

Kuna mjadala mmoja ukiuanzisha kijiweni hapa Arusha hauchukui dakika mbili unakufa, nao ni huu wa ubaguzi wa rangi. Utaambiwa hayo ni mambo ya Marekani na Sauzi, sisi hapa tunakula nyama choma na wazungu meza moja, bosi Mhindi kamsomesha mtoto wa dereva wake mpaka chuo, sasa huo ubaguzi uko wapi? Na kiukweli wanaosema hivo hawadanganyi, hao watu wazuri wapo na mi mwenyewe nawajua kadhaa. Shida ni kwamba swali lenyewe linamtafuta mtu mbaya, wakati ubaguzi ninaotaka kuuelezea hapa unaweza kufanya kazi miaka hamsini bila mtu mbaya hata mmoja.

Ndo huo wanauita ubaguzi wa kimfumo. Aliyekulia mlimani Kilimanjaro anaujua mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. Maji yanashuka yanaenda shamba hili, lile la pili hayafiki, na anayekata mkungu wa ndizi leo hajawahi kushika jembe kuchimba huo mfereji, wala hana kinyongo na jirani yake wa upande mkavu, ila maji yanakuja kwake kila siku. Ukimtukana maji hayageuki. Akikupenda na kukuletea ndizi kila Krismasi, hayageuki vilevile. Lazima mtu apande kule juu akaangalie mfereji ulikatwa wapi na nani aliamua.

Sasa mfereji wenyewe kwenye maisha ya watu ni vitu vya kawaida kabisa: sheria, kanuni za mji, fomu, ngazi za mishahara, hati ya kiwanja, nani benki inamuamini, nani anamjua nani, na mazoea ambayo hakuna anayekumbuka yalianza lini. Vikikaa pamoja vinatoa matokeo yaleyale kila mwaka, watu wa rangi moja juu na wengine chini, na hakuna aliyetamka neno rangi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote tunao hapahapa. Ukiacha lami ya kwenda Moshi pale Usa River, ukapita ndani ya hifadhi ya Arusha, unatokea Engare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Huku Kaskazini Wajerumani walipoingia walianza kugawa ardhi ya miguuni mwa Meru na Kilimanjaro kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, mpaka mashamba yao yakauzunguka mlima, Wameru wakabanwa huko juu wanazaliana na ardhi haiongezeki. Waingereza wakarithi hiyo hali. Baada ya vita ya pili ya dunia wakaunda tume chini ya jaji Mark Wilson, ripoti yake ikatoka 1947, na hapa naomba usome taratibu, maana kazi ya tume ilikuwa kupunguza msongamano wa Waafrika kwenye milima hii miwili. Yaani ilikuja kama msaada! Ikapendekeza Waafrika waongezewe baadhi ya mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani, halafu, ili ramani ikae vizuri, Wameru wa Engare Nanyuki wahamishwe, upande ule wote uwe wa Wazungu moja kwa moja, ng'ombe wa kisasa wafugwe kitaalamu.

Hakuna mahali palipoandikwa tunawachukia Wameru. Zilizungumzwa habari za malisho, magonjwa ya mifugo, matumizi bora ya ardhi, lugha ya wataalamu ile ambayo ukiisoma usiku unasinzia. Novemba 1951 polisi wakaingia. Watu kama 3,000 wakaondolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, wakaelekezwa Kingori ambako wenyewe walikuwa wameshasema hawataki kwenda, ni kame na ng'ombe watakufa. Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mashamba 13 tu ya walowezi.

Wameru walichofanya baada ya hapo kingefundishwa kwa kirefu zaidi mashuleni. Walichangishana hela, shilingi kwa shilingi, na 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York kwenye Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa UN na Mwingereza alitakiwa kujieleza kule. Alikuwa na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanyia kazi zake Moshi. Kwenye kamati walipata kura za kutosha, kwenye Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili, kwa hiyo kwa karatasi walishindwa. Ila habari ilishasambaa nchi nzima, watu wakaona kumbe serikali inaweza kuburuzwa mbele ya dunia, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Ile miradi ya walowezi pale haikudumu na ardhi ikaja kurudi kwa Wameru.

Angalia walipiga wapi. Hawakwenda New York kulalamika kwamba bwana shauri ana roho mbaya, pengine hata hakuwa nayo. Walishambulia uamuzi, ile karatasi, wakauliza nani ana mamlaka ya kuipitisha na nani ana mamlaka juu yake.

Kahawa nayo ina somo lake, ila hili ni la kufurahisha kidogo. Kenya, mlima ukiwa palepale unaonekana, Mwafrika alizuiwa kulima kahawa kibiashara, na hata walipoanza kuruhusiwa miaka ya 1930 ilikuwa ni majaribio madogomadogo, mlango ukafunguka vizuri miaka ya 1950. Sababu zilizotolewa ni ubora, wadudu na wizi, na ukizisoma zinaonekana za kitaalamu kabisa. Huku Kilimanjaro walowezi walitaka hivohivo na walipiga kelele kwelikweli, ila Wachaga walikuwa wameshaanza kulima, 1925 wakaanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, 1933 ukaja ushirika wao mkubwa, KNCU. Mti uleule, udongo unaofanana, wakulima weusi pande zote mbili, tofauti ni kanuni. Hela ya kahawa ikajenga shule na makanisa, na watu mpaka leo wanasema Wachaga wanapenda shule kana kwamba ni kitu cha kwenye damu.

Mjini ilikuwaje? Wote tunajua Uzunguni na Uhindini, na Moshi kule kwenye miti na nyumba kubwa wakaamua kupaita Shanty Town, utani wa aina yake. Kinachonivutia ni namna ilivyofanyika, maana Waingereza walitakiwa na masharti ya udhamini wasibague, hivyo kwenye miji mingi kanuni za majengo ndo zilifanya kazi hiyo. Eneo hili ni la nyumba za viwango vya Ulaya, eneo lile la biashara, kule ni la nyumba za kienyeji. Kanuni inazungumzia ukuta na paa tu, na kila mtu anajua nani ana hela ya ukuta gani, kwa sababu ngazi za mishahara serikalini zilipangwa kwa rangi mpaka miaka ya 1950, na shule zilikuwa za aina tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake na mafungu hayakukaribiana kabisa. Arusha School ilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya watoto wa Kizungu.

Halafu kuna hii ambayo watu wengi hawaijui. Mkoloni alikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, kuanzia miaka ya 1920. Nia iliyotajwa ni kumlinda Mwafrika asinyonywe na wenye maduka, kwa hiyo ukimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali na akagoma kulipa, mahakama haikusaidii. Sasa we ni mfanyabiashara wa jumla Moshi mwaka 1935, utamkopesha magunia ya sukari nani, Mwafrika ambaye huwezi kumdai mahakamani au Mhindi mwenzako? Huhitaji kuwa mbaguzi hata kidogo, hesabu tu inakuamulia. Duka la Mwafrika likabaki dogo, mwanae akarithi duka dogo, na mjukuu anaambiwa na watu kwamba sisi weusi hatujui biashara.

Watu wengine wanasema basi dawa ni kuwapa wote sawasawa. Hebu tuone. 1955 Waingereza wakapanua Baraza la Kutunga Sheria, viti vya wawakilishi vikagawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia, 10 kwa Wazungu, na wakajisifu kwamba huo ndo usawa. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Waasia hawakufika laki moja. Wazungu walikuwa kama 20,000. Kwa hiyo kuna usawa wa kugawa viti sawa na kuna usawa wa kuuliza huyu ana watu wangapi, amezuiwa wapi, anahitaji nini ili afike pale mwenzake alipo, na ni huu wa pili ndo tunaupigania tunaposema haki ya rangi. Ukimpa aliyefungwa miguu na asiyefungwa mstari mmoja wa kuanzia mbio umegawa sawa, ila umeshaamua mshindi.

Uchaguzi wa 1958 ukaja na masharti ya kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ikakaa Tabora Januari 1958, watu wakavutana sana, wengine wakataka wasusie kabisa. Mwisho wakaamua kuingia na kuunga mkono wagombea wa rangi zote tatu wanaokubaliana na hoja zao, wakaufanya mtego uwe ngazi. Hapa Kaskazini alipita Sophia Mustafa, mama wa Arusha mwenye asili ya Asia, akaingia barazani akiwa upande wa TANU. Namtaja kwa makusudi kwa sababu kuna watu wakisikia haki ya rangi wanadhani ni timu ya weusi dhidi ya wengine wote.

Baada ya uhuru kuna mifereji iliyozibwa kwa nguvu. Shule za rangi zikaunganishwa kuanzia Januari 1962. Oktoba 1961 bungeni walikuwepo waliotaka uraia uendane na rangi, Nyerere akakataa katakata. Lakini tusijipake asali. 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na zile zilizokuwa zimezidi miaka kumi mwenye nyumba hakulipwa kitu. Soma sheria yote hukuti neno Mhindi. Ila nani alikuwa na majumba ya thamani hiyo katikati ya Moshi na Arusha? Familia nyingi za Kihindi zikafungasha, na majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye National Housing. Mi naelewa kwa nini ilifanyika, utajiri ule nao ulikuwa umepitia mifereji ya mkoloni, ila kama kipimo chetu ni matokeo, basi kipimo kikae palepale hata kikituumiza sisi. Mtanzania wa asili ya Kihindi ambaye ukoo wake uko Moshi tangu enzi za Mjerumani bado anaambiwa barabarani arudi kwao. Kwao ni wapi?

Huko nje hadithi ni ileile kwa nguo nyingine. Marekani miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu kwamba ni hatari kukopesha. Ubaguzi wa nyumba ulipigwa marufuku kisheria 1968, ila nyumba ndo akiba ya familia kule, kwa hiyo mwaka 2022 familia ya kizungu ya kati ilikuwa na mali ya dola 285,000, familia nyeusi ya kati dola 44,900. Ukisikia mtu anauliza kwa nini weusi wa Marekani hawasongi mbele, mwambie kuhusu ile sheria yetu ya mikopo, ataelewa haraka. Na kuna utafiti uliotoka 2004, watafiti walituma sivii kama 5,000 Boston na Chicago, zinalingana sifa, wakabadilisha majina tu, yale yanayosikika ya kizungu yakapigiwa simu asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika ya watu weusi. Ukiwauliza hao maafisa ajira mmojammoja nina uhakika wangekuambia wao hawabagui, na wengi wangekuwa wanaamini wanachosema.

Uingereza walilazimika kulikubali jambo hili kwa maandishi. Kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa London 1993, polisi wakavuruga upelelezi, na ripoti ya jaji Macpherson ya 1999 ikasema wazi kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi, yaani taasisi inashindwa kumhudumia mtu kwa sababu ya rangi yake hata pale ambapo afisa hajakusudia. Miaka 20 baadaye ikagundulika idara ya uhamiaji ya hukohuko inatumia programu ya kompyuta kupanga maombi ya viza kwa rangi za taa za barabarani, kijani, njano, nyekundu, na uraia wa mwombaji ulikuwa mmoja wa vigezo. Ukikataliwa unaongeza takwimu za nchi yako kukataliwa, na mwenzako anayefuata anapata wakati mgumu zaidi, mashine inajilisha yenyewe. Walipofikishwa mahakamani wakaiacha, Agosti 2020. Wewe uliyekataliwa viza ukaambiwa hatujaridhika kwamba utarudi kwenu, ndo ulikuwa unaongea na mfereji.

Turudi nyumbani. Mama yangu mdogo anaishi Moshi, ni mwalimu mstaafu, mjukuu wake alipata kipaimara akataka watoto wakale mchana kwenye lodge moja nje ya mji. Tulifika getini, askari kijana, heshima zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mna bukingi, mama?"

Hatuna, tunataka kula tu. Akasema samahani, bila bukingi lazima apige simu risepsheni kwanza. Simu haipokelewi. Tukiwa tunasubiri ikaja Suzuki ya kukodi na vijana wawili wa Kizungu wamevaa kandambili, geti likafunguliwa kabla gari halijasimama. Mama mdogo akashusha kioo, akauliza kwa upole wa kiualimu, "Na hao wana bukingi, mwanangu?" Kijana akaangalia chini. "Mama, mi nimeelekezwa hivi. Nikimsimamisha mgeni naitwa ofisini."

Tukaja kuingia, chakula kilikuwa kizuri, meneja naye Mtanzania kama sisi akatusalimia na kuomba radhi. Sasa mbaguzi ni nani pale? Yule askari ukimpeleka nyumbani kwao ni mtoto wa mtu kama sisi. Ila angalia hesabu yake: akimruhusu mweusi kikatokea kitu anafukuzwa kazi, akimsimamisha mweusi hapati shida yoyote, akimsimamisha mzungu anaitwa ofisini. Adhabu imewekwa upande mmoja, yeye anafuata mteremko tu. Na dawa yake haihitaji semina ya upendo, inahitaji sentensi moja kwenye daftari la getini: kila gari linasimama, kila mtu anaulizwa swali lilelile.

Kwenye ajira ndo kuna nyama zaidi. Mji huu umejaa mashirika, lodge, kampuni za safari, shule za kimataifa, na sehemu nyingi mikataba ni ya aina mbili, wa hapa na wa kutoka nje, wale tuliokuwa tunawaita ma-TX. Mi sina ugomvi na mtu aliyetoka mbali kulipiwa tiketi na bima, hiyo ni gharama ya umbali. Ugomvi unaanza pale mshahara wenyewe wa kazi ileile unapotofautiana mara tatu na ukiuliza unaambiwa soko. Kipimo rahisi: aje Mghana mwenye digrii hiyohiyo na uzoefu huohuo, naye ametoka mbali, anapangwa upande gani? Jibu litakuambia kama wanalipia umbali au wanalipia kitu kingine. Kuna na ile ya kumweka kijana wa Kizungu wa kujitolea, ana miezi miwili nchini, ndo ajibu barua pepe za wateja, wakati aliyemfundisha njia zote za mlima yuko stoo anahesabu mahema. Kisingizio ni wateja wanamuamini zaidi. Inawezekana kweli wanamuamini, na ndo maana naita mfumo, maana hata mteja yumo.

Na sisi kwa sisi pia. Mmasai anaajiriwa ulinzi kabla hajaulizwa amesoma nini, wapo wenye shahada wameshaonyeshwa rungu. Yapo maduka mtu anafanya kazi miaka ishirini hagusi droo ya hela kwa kuwa si wa ukoo, na wenye maduka hayo wapo wa kila asili, Wachaga tukiwemo.

Hapa huwa naulizwa, mbona wazungu wanalipa hela nyingi kuliko sisi kuingia Kilimanjaro na Ngorongoro, si ubaguzi huo? Hapana, tumia kipimo kilekile. Mtanzania wa asili ya Kigiriki aliyezaliwa Arusha akitoa kitambulisho analipa bei ya mwananchi, na mweusi wa Marekani analipa bei ya mgeni. Kigezo ni uraia na ukaazi, rangi haiulizwi. Ila swali ni zuri, endeleeni kuuliza hivo kila mahali.

Sasa kufanya nini. Mi naanza na kusoma kwa miguu, kwa sababu huku kwetu historia hii bado inatembeleka. Old Moshi, Tsudunyi, ndipo Mjerumani alipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, na wenzake tarehe 2 Machi 1900, na mafuvu ya watu wetu yakabebwa Ujerumani kwenda kupimwa na wanasayansi waliokuwa wanapanga binadamu kwa madaraja, ikiaminika kichwa cha Meli kilikuwa mojawapo. Familia zimedai miaka mingi. Septemba 2023 Berlin wakatangaza vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na ndugu walioko Kilimanjaro, mojawapo likiwa la msaidizi wake Meli, ila la Meli mwenyewe halikuwemo. Novemba mwaka huohuo rais wa Ujerumani akaja Songea kuomba msamaha kwa yale ya Maji Maji. Msamaha ni kitu, mafuvu yakiwa bado kwenye makabati ni kitu kingine. Nenda na watoto. Halafu nenda Engare Nanyuki, uliza wazee.

Kazini, achana na kutafuta nani mbaguzi, tafuta mizani. Nikisema mizani namaanisha ile ya geti la Machame, mzigo wa mpagazi unapimwa na kikomo ni kilo 20. Kabla ya hapo mgongo wa mtu ulitegemea huruma ya guide, yule anayeongoza wageni mlimani, na kampuni. Sasa huruma haiulizwi, kinaulizwa kilo. Watu walioipigania hiyo walikuwa wanajua wanachofanya. Kwa hiyo kama uko kwenye uongozi, andika ngazi za mishahara na kila mtu azione, funika majina kwenye sivii kabla ya kuchagua wa kuita intavyuu, hesabu kila mwaka nani kapandishwa na nani kaachwa palepale, na ukiona mstari unaelekea upande mmoja uliza kwa nini kabla hujajitetea. Kama ni mfanyakazi na shirika limemwombea mgeni kibali cha kazi, jua kwamba sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha kazi Mtanzania. Uliza uko wapi na jina la nani limeandikwa humo.

Na msiende mmojammoja. Wameru wangeenda mmojammoja wangekuwa bado wanaidai Engare Nanyuki. Mtu mmoja akiuliza mshahara ni mkorofi, wakiuliza kumi na wawili kwa barua moja ni ajenda ya kikao. Wale wenzetu wa Kizungu na Kihindi walioko humo ndani wana nafasi yao, barua ikiwa na jina la TX anayesema na mimi naona hii si sawa, inasomwa kwa miwani tofauti, ndo ukweli wenyewe mchungu na mnautumia hivohivo.

Mkigonga mwamba, katiba ibara ya 13 inakataza kubagua, ila kwenye ajira silaha ya karibu zaidi ni sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004, kifungu cha 7. Rangi imo, kabila limo, mahali ulipotoka pamo. Ukitoa ushahidi wa awali, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unahamia kwa mwajiri, hilo wengi hawalijui wanakata tamaa mapema. Mgogoro unapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, Arusha wapo na Moshi wapo, na muda ni mfupi, siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa mengine, kwa hiyo tunza barua, meseji, matangazo ya kazi na stakabadhi za mshahara tangu siku ya kwanza. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi na kutoa nafasi sawa. Jumatatu ukifika ofisini muombe HR nakala.